Orodha Isiyoruka: Ndani ya TransitionGroup ya Vue

Mtumiaji anabonyeza kitufe cha kupanga bidhaa kwa bei, na papo hapo orodha nzima inabadilika. Ile sukari iliyokuwa chini sasa iko wapi? Jicho linaanza kuitafuta upya kuanzia mwanzo. Uhuishaji mzuri humwondolea mtu usumbufu huo kwa kumwonyesha kila kitu kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Vue, maktaba ya JavaScript iliyoanzishwa na Evan You, inaifanya kazi hiyo kwa kijenzi kiitwacho TransitionGroup, na namna inavyoifanya inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Kwanza, ugumu wenyewe. Skrini ya hezi 60 inakipa kivinjari takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ukisogeza kitu kwa kubadilisha top au height kidogo kidogo, kivinjari hulazimika kupiga upya hesabu za mpangilio wa ukurasa katika kila fremu, na mara nyingi kuchora upya pia. Kwenye simu ya bei nafuu muda huisha kabla ya kazi, fremu zinarukwa, mwendo unakwamakwama. Sifa za transform na opacity ni nafuu zaidi, kwa sababu kwa kawaida kivinjari huchukua tabaka lililokwisha kuchorwa na kulisogeza bila kugusa mpangilio. Tatizo ni kwamba transform haijui lolote kuhusu orodha yako. Haiwezi kung'amua kwamba kitu cha tano sasa kimekuwa cha pili.

Mwaka 2015 Paul Lewis, wakati huo akiwa Google, alieleza mbinu aliyoiita FLIP. Unapima kitu kilipo. Unakiacha kivinjari kikipeleke mahali papya mara moja, kisha unapima tena. Halafu unatumia transform kukirudisha kilipokuwa, na kuiondoa hiyo transform polepole. Mtu anaona kitu kikisafiri, kumbe kilishafika. Hesabu nzito hufanyika mara moja tu, mwanzoni, ndani ya zile milisekunde 100 hivi baada ya kubonyeza ambazo mtu hahisi kuchelewa.

Vue imeifuata mbinu hiyo hatua kwa hatua. Tuseme sukari ilikuwa pikseli 480 kutoka juu na sasa imepanda hadi 160. Vue inatoa nafasi mpya kwenye ya zamani, inapata 320, inaandika translate(0px,320px) juu ya kitu hicho na kuweka muda wa mpito kuwa sekunde 0. Sukari inaonekana haijatikisika. Kisha Vue inasoma offsetHeight ya body. Thamani yenyewe haina kazi yoyote. Kinachotakiwa ni ule usomaji, maana unakilazimisha kivinjari kukamilisha mpangilio hapo hapo. Bila hivyo kivinjari kingeyakusanya mabadiliko yote pamoja na mwendo usingeonekana. Baada ya hapo Vue inaongeza klasi ya mwendo na kuifuta ile transform, na CSS inamalizia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo na rahisi kupitwa. Orodha inapobadilika, Vue inapita juu ya vitu vyote katika mizunguko mitatu: wa kwanza unafunga mwendo ambao haujaisha, wa pili unapima nafasi mpya tu, wa tatu unaandika transform tu. Mtu mwenye haraka angepima na kuandika katika mzunguko mmoja. Hapo kila upimaji unaofuata uandishi ungekilazimisha kivinjari kupiga mpangilio upya, na orodha ya vitu 200 ingeweza kuupiga mara 200 badala ya mara moja. Huo ndio ufundi unaoitofautisha maktaba na msimbo wa kubahatisha.

Yapo mambo ambayo Vue inakuachia wewe. Kila kitu kiwe na key yake ya kudumu; ukitumia namba ya nafasi, Vue haitajua nani amehama. Kinachoondoka kipewe position: absolute, la sivyo wenzake watasubiri kimalize kuondoka ndipo wasogee. Na display isiwe inline.

Kikomo chake kiko kwenye ukubwa. TransitionGroup inasogeza, haitanui. Kadi inayofunguka na kujaza skrini inahitaji scale, na scale huvuta maandishi na kupotosha kona za mviringo. Motion, maktaba iliyojulikana zamani kama Framer Motion, kazi ya Matt Perry, inasahihisha upotofu huo kwa vitu vilivyo ndani ya kadi na kwa kona pia. Kwa orodha za kawaida sioni sababu ya kubeba uzito huo, Vue inatosha.

Jambo moja usiliache. Wapo watu wanaopata kizunguzungu wakiona vitu vikisogea kwenye skrini, na simu zao zinasema hivyo kupitia prefers-reduced-motion. TransitionGroup haitakuangalizia mpangilio huo. Andika mwenyewe ile mistari michache ya CSS inayozima mwendo, na uiandike siku ile ile unapouweka mwendo.