Milimita Sita

Kabla ya kuugusa mwamba, aliiweka nyundo kando, hatua tano kutoka pale. Akavua bangili yake ya chuma, na simu akampa babu aliyekuwa akituongoza amshikie. Nilidhani anajiandaa kupanda jabali. Kumbe alikuwa anaiandalia dira yake mahali pa kusema kweli. Sindano ya dira huvutwa na chuma chochote kilicho jirani, na ukisahau nyundo pembeni yake, kaskazini inahama bila kukuaga.

Tulikuwa ukingoni mwa Mto Mkondoa, juu kidogo ya mji wa Kilosa. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, maji yameshuka na mwamba uko wazi. Yeye ni mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa tatu, na kazi aliyopewa ni kuchora ramani za miamba ya maeneo mawili madogo, akiyazunguka kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mfuasi tu. Nilimfuata siku nne nikimwangalia anavyofanya kazi, kama mtu anavyoweza kukaa kibarazani kwa seremala asichoke kumtazama akipiga randa.

Alilaza daftari lake la jalada gumu juu ya bapa la mwamba, ili vijinundu vidogo visimdanganye, kisha akaegemeza ukingo wa dira juu ya daftari. Akasubiri povu la kipima usawa litulie katikati. Akasoma mwelekeo wa tabaka, akageuza dira, akasoma mwinamo wake: nyuzi 38. Wengi wetu tungeandika na kuondoka. Yeye alisogea hatua mbili akapima tena, akapata 41. Akasogea tena: 39. Vipimo vyote vitatu vikaingia daftarini kwa penseli, maana wino hauvumilii mvua wala jasho.

Ndipo akaifuata nyundo. Uso wa jiwe lililopigwa jua na mvua miaka mingi una ngozi ya kutu inayoficha sura yake halisi, kwa hiyo alibandua kipande ili aone ndani. Hapo nikajifunza jambo ambalo mikono yangu ingelikosea: lenzi haipelekwi kwenye jiwe. Lenzi hubanwa karibu kabisa na jicho, kisha jiwe ndilo linaloletwa polepole hadi lionekane vizuri, na mwili mzima hugeuzwa kufuata mwanga. Alinipa zamu yangu. Kile nilichokiona kijivu kikawa mistari: myeupe ya felspa na kwatzi, myeusi inayometameta ya ulanga, na katikati yake vitone vyekundu vya ganeti, vidogo kama mbegu za mchicha.

Ulanga si mgeni mkoani Morogoro. Ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Lakini kuuona umejipanga mstari mmoja ndani ya jiwe ni kushuhudia kazi ya shinikizo. Jiwe hili linaitwa naisi, na miamba ya namna hii ilipikwa na kukandwa kilomita nyingi chini ya ardhi, pale mabara ya kale yalipogongana zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Upande wa magharibi ipo mikubwa zaidi kwa umri, yenye takribani miaka bilioni 2, na wanajiolojia wa dunia nzima huiita kwa jina la Usagara. Jina la nchi ya Wasagara, ambao milima yao tulikuwa tunaitazama, linatamkwa darasani katika nchi ambazo hazijawahi kusikia habari ya Kilosa.

Nilichokistahi zaidi kilikuwa daftari lenyewe. Katika kurasa za kushoto huandika alichokiona: namba ya kituo, mahali, aina ya mwamba, vipimo, mchoro wa mkono. Katika kurasa za kulia huandika anachokidhani. Nilipomuuliza kwa nini achore ilhali simu ina kamera, alinijibu kwamba kamera huchukua vyote bila kuchagua, na mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho halijakielewa. Picha alipiga baadaye, mchoro ukiwa umekamilika.

Babu aliyetuongoza anaijua milima ile kuliko ramani yoyote. Siku ya pili alisimama, akanyoosha fimbo.

"Mjukuu wangu, chemchemi hazikauki pale, na pale, na kule chini penye mkuyu. Tangu nikiwa mtoto."

"Zimepangana mstari mmoja, babu?"

"Mstari mmoja. Utaziona mwenyewe."

Mwanafunzi aliandika maneno hayo upande wa kulia, na pembeni yake akaandika kwamba yametoka kwa babu. Chemchemi zilizopangana huweza kuwa dalili ya ufa unaopitisha maji chini kwa chini. Jioni, baada ya kuzifikia zote tatu na kupima mahali pa kila moja, alizihamishia kushoto. Ufa wenyewe aliuacha kulia, kwa sababu alikuwa ameona maji na bado hakuwa ameuona ufa.

Uangalifu huu una watu wanaoutegemea. Reli ya Kati inafuata bonde la Mkondoa kwenda Gulwe, na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata vibaya na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Mlima unaomenyeka humwaga mchanga mtoni, mto ukijaa mchanga kitako chake hupanda, na kitako kikipanda mto hutafuta njia nyingine. Reli mpya ya SGR, ambayo abiria walianza kuipanda 2024, inapita kwenye mahandaki yaliyotobolewa katika milima hiyo hiyo. Anayetoboa mlima anahitaji kujua tabaka zinainama upande gani na nyufa zinakutana wapi. Ujuzi huo huanza na mtu aliyeweka nyundo yake mbali na dira.

Siku ya tatu tulihamia eneo lake la pili, Mikumi. Hifadhi ile ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wake wa Mkata ni ardhi iliyodidimia kati ya Uluguru na milima ya Usagara. Chini yake kuna mashapo ya zama za Karoo, zama zilezile zilizotuachia makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Juu yake kuna udongo mweusi wa mbuga, na udongo huo hufunika kila kitu. Tulitembea mstari mmoja nyuma ya askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mbung'o walituandama. Askari alichota vumbi akaliachia ajue upepo unatoka wapi, akainama kwenye nyayo za tembo, akasema tu: "Wamepita alfajiri." Hakusema wanakwenda wapi. Mwanafunzi alimtazama, nami nikaona mafundi wawili wakitambuana.

Siku nzima tulipata vichomozo viwili tu vya mwamba. Hakulalamika. Jioni, chini ya taa, alitandaza ramani zake za kipimo cha 1:10,000, ambapo milimita moja ni mita kumi za ardhi. Mpaka ulioonekana kwa macho huchorwa kwa mstari mzima. Unaokisiwa huchorwa vipande vipande. Uliozikwa chini ya udongo huchorwa kwa nukta. Upande wa Mikumi ukajaa nukta. Upande wa Kilosa, mpaka kati ya naisi na mkanda wa amfiboliti nyeusi ulitiwa wino hadi ukingoni mwa shamba la mahindi, ukakatika, kisha ukaanza tena ng'ambo ya pili. Pengo lilikuwa mita 60. Mwanafunzi mwenzake mmoja alimwambia auunganishe tu, kila mtu anaona unakokwenda. Aliufunga wino.

Kesho yake, siku yetu ya mwisho, tulirudi Kilosa. Alimwamkia mwenye shamba, akaomba ruhusa, akashuka kwenye korongo linalopita kati ya mahindi. Alifyeka majani, akakwangua udongo kwa mikono, akaondoa mawe yaliyoviringika kutoka juu kwa sababu jiwe lililohama kwao si ushahidi. Ilimchukua saa mbili na nusu. Mpaka ulikuwepo: jiwe jeusi limeegemea jiwe la mistari, palepale alipokuwa amedhani utakuwa. Jana alikuwa anadhani, leo ameona, na mahali hapo pakahamia ukurasa wa kushoto.

Usiku alifungua wino, akaunganisha mstari. Milimita sita. Kisha akauacha ukauke, nukta za Mikumi zikabaki nukta.