Sifa za Mpishi wa Shira

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzisifu kwa ulimi na kuzisahau kwa akili, ni nadra kuiona iliyodhulumiwa kama hii ya kupika shira ya visheti; kwani mlaji huusifu utamu, ambao ni wa sukari, na mpishi, ambaye fadhila zake zote zimo katika kuyajua majira ya moto, hapewi hata ahsante.

Maji huipokea amana ya sukari kwa kadiri ya joto lake. Katika digrii 20 za sentigredi, gramu 100 za maji huyeyusha sukari gramu 200 hivi. Yakifikia kuchemka, maji hayo hayo huweza kuchukua gramu 480 na zaidi. Chumvi haina tabia hiyo: ni gramu 36 katika maji ya baridi, na 39 tu katika yanayotokota, ndiyo sababu mvuna chumvi wa pwani hangoji maji yake yapoe, bali huliachia jua liyakaushe.

Basi na atazamwe mpishi wetu. Akisha kutia iliki, huiacha shira itokote hata sehemu ya maji itoke kwa mvuke, kisha huchota tone kwa mwiko, akalipuliza, akalibana baina ya kidole gumba na cha shahada, na kuviachanisha vidole polepole: uzi ukikatika upesi, bado, ukivutika, wakati umewadia. Hapo huepua sufuria, akavimimina visheti ndani, akawa anavigeuza bila kupumzika. Shira iliyokuwa iking'aa kama kioo hupoa. Maji, yakiwa hayawezi tena kuihifadhi amana yote yaliyoipokea motoni, huirudisha, na mwiko huihimiza, hata kila kisheti kikavikwa kanzu nyeupe, kavu. Na akipika kaimati azitakazo zibaki na mng'aro, hukamulia ndimu katika shira, kwa kuwa ukali wake huivunja sehemu ya sukari, na iliyobaki ikaona taabu kuganda.

Elimu hii hakuisomea maabara wala haipimi kwa kipimajoto. Aliipokea jikoni kwa bibi yake, akaisahihisha kwa kila shira iliyomharibikia.

Nawe msomaji, utakapoletewa sahani ya visheti pamoja na kahawa, utazame kwanza ule weupe, kisha uulize ni nani aliyevipika.