Haydom: Benchi Moja, Lugha Nne

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway. Leo iko mikononi mwa Dayosisi ya Mbulu ya KKKT.

Kinachonigusa zaidi ni lile benchi la wagonjwa. Hapo Mwiraqw hukaa bega kwa bega na Mdatoga, Mnyiramba na Mhadzabe, watu ambao lugha zao hazina hata undugu: Kikushi, Kinailoti, Kibantu, na ile ya vidoko inayosimama peke yake. Wako wasiowahi kukanyaga kanisani. Hapa wanaulizwa wanaumwa wapi.

Tena kuna nyumba ya kusubiria kujifungua. Mama anayetoka mbali huja mapema, siku zake zingali zimebaki, ili uchungu usimkute njiani. Anayezijua barabara za udongo za huko wakati wa masika ataelewa nyumba hiyo imeokoa nini.

Wauguzi wa zamu za usiku, nanyi washarika mnaotoa sadaka yenu ya shilingi na mahindi, hongereni sana. Mmewatunza hata wasio wa kundi lenu. Endeleeni hivyo hivyo.