"Unasikia?" Mashine inayopima vidole, na jibu letu la uongo



Nianze na aibu yangu. Mwaka wa mazoezi ya hospitali, tulikuwa watu kumi na mmoja kuzunguka kitanda cha mama mmoja mwenye bandama kubwa. Mkubwa wetu akaweka mkono, akasema iko pale, vidole vitatu chini ya mbavu. Kisha kila mmoja akapita. "Unasikia?" "Ndiyo Docta, ninasikia." Mimi nilikuwa wa tisa. Sikusikia kitu. Nikajibu: "Ndiyo Docta." Yule mama akageuza uso kwa ukuta, akasema pole pole: "Bana bangu, mikono yenu iko baridi. Mutanifinya mpaka saa ngapi?"

Nimeikumbuka ile siku juu kati yetu kuna wanaosema tutafute mfadhili, tununuliwe mashine za haptiki, ni kusema vifaa vinavyomfundisha munganga kugusa bila kumgusa mgonjwa. Wengine wanacheka, wanasema ni michezo ya wazungu. Mimi ninaona pande zote mbili zinapima kitu ambacho hazijakiangalia vizuri. Tukiangalie.

Vifaa hivi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni mkono wa roboti unaosukuma kidole chako, unadhani umegusa kitu kumbe ni hewa. Mzazi wake anajulikana: PHANToM, iliyotengenezwa na Thomas Massie na Kenneth Salisbury kule MIT, Marekani, ikaonyeshwa mwaka 1994. Sarah Baillie, munganga wa wanyama wa Uingereza, akaitia ndani ya umbo la ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanafunzi anaingiza mkono, anatafuta kizazi, na mwalimu anaona kwenye kioo cha kompyuta kidole kiko wapi. Wanafunzi waliopitia pale walikipata kizazi cha ng'ombe wa kweli kuliko wenzao.

Aina ya pili ni mwanasesere wa kawaida, lakini chini ya ngozi yake kuna vipima-nguvu. Hapa jina kubwa ni Carla Pugh, mpasuaji wa Marekani, aliyeanza na mfano wa nyonga ya mwanamke. Baadaye yeye na wenzake walipima waganga wanaofanya kazi tayari, zaidi ya 500, wakichunguza mifano ya matiti yenye uvimbe ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2015: wale waliofinya kwa nguvu ya chini ya newtoni 10 walikuwa wanaukosa uvimbe ulio chini, karibu na mbavu. Walikuwa kama 15 kwa 100. Fikirieni vizuri: hawa si wanafunzi. Ni waganga wenye diploma ukutani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kama vidole vyao havifiki.

Hapo ndipo sifa ya kweli ya hivi vifaa iko, na wauzaji wenyewe hawaisemi sana. Wao wanasifu ngozi: inafanana na ya mtu, ni laini, ina joto. Hiyo si kitu. Nyama ya plastiki haitafanana na tumbo la mama aliyezaa mara saba. Kitu cha maana ni kwamba mashine inakataa "Ndiyo Docta." Inasema: kidole chako kilikuwa hapa, hakikufika pale, ulifinya kidogo. Kwa mara ya kwanza mwalimu anaona kile ambacho mkono wa mwanafunzi unakificha.

Sasa kasoro. Ya kwanza, mwanasesere havuti pumzi kama mtu. Bandama tunaitafutaga kuanzia chini, upande wa kuume, tunamwambia mgonjwa avute hewa, nayo inashuka kukutana na kidole. Ukianza juu sana, unaweza kuwa juu yake kabisa na usijue. Ukifinya kwa hasira, bandama iliyojaa malaria inaweza kupasuka. Kwa hiyo ile namba 10 ya matiti si sheria ya mwili mzima. Atakayejifunza namba bila kujifunza kiungo atakuwa hatari kuliko mimi wa tisa.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mwanasesere hana uso. Hafumbi macho, hasemi mikono iko baridi, haulizi wewe ni mtoto wa nani. Kwetu, kumugusa mama tumboni ni mazungumzo: unaomba ruhusa, unapasha mikono moto, unamfunika, unaangalia uso kuliko tumbo. Mashine inakufundisha nguvu, haikufundishi haya.

Ya tatu munaijua: feza, umeme, na fundi wa kuitengeneza siku itakapokufa. Tumeona mashine ngapi za zawadi zimefunikwa kitambaa kwenye kona?

Lakini wale wanaocheka nao wamekosea, juu wanasahau nani analipa masomo yetu leo. Ni yule mama. Alikuja kutafuta dawa, akatoa tumbo lake kwa mikono kumi na moja, na pengine hakuna hata mmoja aliyemuomba. Mwaka 1759 Madame du Coudray, mzalishaji wa Ufaransa, alitumwa na mfalme kuzunguka majimbo akifundisha kuzalisha kwa mwanasesere wa vitambaa. Hakungoja kompyuta.

Basi pendekezo langu ni dogo. Kabla ya barua kwa mfadhili, tuchukue balansi ya jikoni. Weka juu yake taulo iliyokunjwa, finya kwa vidole mpaka mshale ufike kilo 1. Hiyo ni karibu newtoni 10. Wengi watashangaa jinsi walivyokuwa mbali. Kisha tushone tumbo la kitambaa na sifongo, ndani tuweke ini na bandama za ukubwa mbalimbali, na mwalimu peke yake ajue ziko wapi. Akiisha kupita hapo, mwanafunzi aende kwa mgonjwa, wawili kwa siku, kwa ruhusa.

Na swali tulibadilishe. "Unasikia?" linaomba uongo. Tuulize: "Unasikia nini, wapi, na inaishia wapi?" Na mwanafunzi akisema "Docta, sisikii kitu," asichekwe. Mimi ningelijibu hivyo siku ile, labda ningelifundishwa siku ile. Nilijifunza bandama miaka miwili baadaye, peke yangu, kwa mtoto mmoja ambaye ningelipaswa kumjua mapema.

Munisahihishe pale nimekosea.