Video Inayokwama na Ngano ya Basotu: Uchambuzi wa Ubanaji wa Picha

Mafundi wa video za kwaya, harusi na ngoma katika wilaya za Mbulu na Hanang, kuanzia Nambis na Haydom hadi Katesh, hukutana na matatizo mawili ambayo kwa kawaida hutibiwa kana kwamba hayahusiani: video hukwama wakati wa kuhariri, na ile iliyokamilika hutoka ikiwa na ukungu au ikiwa nzito kupita kiasi. Uchambuzi huu unashikilia kwamba yote mawili yana asili moja, nayo ni namna picha zinavyobanwa, na kwamba faili lililobanwa kwa ajili ya kusafirishwa halifai kufanyiwa kazi ya kukata na kuunganisha.

Kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufungua picha, iliyoenea zaidi ni H.264, ambayo iliidhinishwa mwaka 2003 na kufuatwa na HEVC mwaka 2013. Kodeki hizi hazihifadhi kwa ukamilifu kila fremu, yaani kila picha moja kati ya picha 25 au 30 zinazopita kwa sekunde. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika mabadiliko tu, na baadhi ya fremu hutegemea hata zile zilizo mbele yake. Mtu anayetazama tangu mwanzo hadi mwisho hapati shida, kwa kuwa fremu hufunguliwa kwa mpangilio wake; lakini mhariri, ambaye huruka, hurudi nyuma na kukata katikati, huilazimisha kompyuta irejee kwenye fremu kamili iliyotangulia na kufungua zote zinazohitajika kabla ya kuonyesha ile moja anayoitaka. Iwapo fremu kamili huwekwa mara moja kwa sekunde, kusimama kwenye fremu moja ya mwisho kunaweza kudai kufunguliwa kwa makumi ya fremu.

Hapa ndipo umri wa kompyuta unapokuwa na uzito. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, ndizo za kwanza za mfululizo huo kuwa na sehemu maalumu inayofungua HEVC kikamilifu, na kizazi cha 7 kiliongeza uwezo wa kufungua HEVC ya biti 10, yaani yenye ngazi nyingi zaidi za rangi. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 3 au cha 4, ikipewa video ya HEVC kutoka kwenye simu mpya, hulazimika kuifungua kwa nguvu ya prosesa ya kawaida, na hapo hukwama bila kujali kwamba mwenyewe ameiongezea RAM. Hata kushusha ubora wa onyesho ndani ya programu hadi nusu au robo hakusaidii sana, kwa sababu kunapunguza kazi ya kuchora picha na madoido, ilhali kazi ya kuifungua hubaki karibu ileile.

Dawa ya kweli ni proksi, yaani nakala nyepesi ya muda ambayo mhariri huikata badala ya faili halisi, kisha programu hurudi yenyewe kwenye faili halisi wakati wa kutoa kazi. Premiere Pro, DaVinci Resolve na Kdenlive, ambayo ni programu huria isiyolipiwa, zote zina uwezo huo. Proksi nzuri hutengenezwa kwa kodeki kama ProRes au DNxHR, ambazo huhifadhi kila fremu peke yake. Fremu ya 4K ina nukta, yaani pikseli, 8,294,400, ilhali proksi ya nukta 960 kwa 540 ina 518,400, yaani sehemu moja ya 16. Wengi hushangaa kwamba, kwa ukubwa uleule wa picha, faili la ProRes ni zito zaidi kwenye diski lakini huchezeka kwa wepesi zaidi. Mshangao huo huisha mara inapoeleweka kwamba kinachochosha kompyuta ni kufungua kilichokunjwa.

Video za simu zina kasoro nyingine, kwani idadi ya fremu zake kwa sekunde hupanda na kushuka, hasa ukumbini penye mwanga hafifu, na matokeo yake midomo ya wanakwaya huachana na sauti. Programu ya bure ya HandBrake hugeuza faili la namna hiyo kuwa la idadi moja isiyobadilika, na kazi hiyo ifanywe kabla ya kuanza kukata. Tena, umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyowekwa kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde huepuka michirizi inayopita juu ya picha.

Katika kutoa video, swali la msingi ni kiwango cha biti, yaani kiasi cha data kinachotengewa kila sekunde. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya nukta 1920 kwa 1080 yenye fremu 24 hadi 30, hivyo wimbo wa dakika 4 huwa na takribani megabaiti 250 pamoja na sauti. Kiwango hicho humtosha mhubiri aliyesimama mimbarini, kwa sababu kinachobadilika ni uso na mikono tu. Hakiwezi kuwatosha waimbaji waliosimama mbele ya mashamba ya ngano ya Basotu wakati upepo unavuma, kwa kuwa kila suke husogea katika kila fremu, kodeki haipati cha kurudia, na shamba zima hugeuka viraka vya mraba. Vumbi linalotimuliwa na wachezaji huleta tatizo hilohilo. Kwa picha za aina hiyo ni haki kupanda hadi megabiti 16 au 20, kwa sababu YouTube huzibana upya video zote inazopokea, na kilichopotea kabla ya hapo hakirudishwi.

Rangi nayo hubanwa. Katika mpangilio wa kawaida uitwao 4:2:0, mwangaza huhifadhiwa kwa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya nukta hizo, na ndiyo maana shanga ndogo nyekundu za mavazi ya Wairaqw na Wadatoga huyeyukiana zikipigwa kwa mbali. Hakuna mpangilio wa kutolea video unaotibu hali hiyo baadaye. Mpiga picha asogee karibu.

Mahali video inakokwenda ndiko kunakoamua yaliyobaki. Fleshi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja kufikia gigabaiti 4, kwa hiyo harusi ya saa 2 kwa megabiti 8, ambayo hufika gigabaiti 7.2, itolewe kwa megabiti 4 au igawanywe, na iwe ya H.264 kwa sababu televisheni nyingi za zamani hazifungui HEVC. Kwa WhatsApp, nukta 1280 kwa 720 na megabiti 1.5 huuleta wimbo wa dakika 4 kwenye megabaiti 50 hivi, na ukitumwa kama hati badala ya video haubanwi tena.

Nakala hizo zote zitolewe kutoka kwenye nakala mama moja ya ProRes au DNxHR, ambayo madoido yake yamekwisha kukokotolewa mara moja. Mafundi wa Mbulu na Hanang wanaombwa kuitunza nakala hiyo pamoja na picha halisi kwenye diski mbili tofauti, kwa sababu ngoma nyingi wanazozirekodi hazina kumbukumbu nyingine ya picha.