Kuisoma Ramani Isiyo na Mwaka

Ramani ya wasafiri iliyonyofolewa kwenye kitabu cha ratiba cha Reli na Bandari za Afrika Mashariki mara nyingi humfikia mkusanyaji bila mwaka. Hapo ndipo kazi inapoanza, nami sijui kazi nyingine ya mezani yenye utamu kuizidi.

Tarehe imo ndani ya reli zenyewe. Ukiona njia ikipanda kutoka Tabora hadi Mwanza, umeshavuka 1928. Ikiwa Uganda reli imefika Kasese, umepita 1956. Sasa shuka kusini: kama njia ya Mtwara na Nachingwea ingalipo, ile ya mradi wa karanga uliokufa, ambayo baadaye iling'olewa, basi bado hujaingia mbali katika miaka ya 1960. Mwisho tazama Ruvu. Kipande kinachoiunga Reli ya Kati na reli ya Tanga kilikamilika 1963. Kabla ya hapo zilikuwa njia mbili zisizogusana. Ukizipanga dalili hizi, karatasi iliyokuwa bubu inakutajia umri wake.

Kwetu Mwanza raha kubwa iko ziwani. Reli inaishia ufukweni, lakini mchoraji hakuweka kalamu chini. Aliendelea kwa nukta hadi Bukoba, Musoma, Kisumu na Port Bell, kwa kuwa meli nazo zilikuwa za reli. Miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, zenye reli iliyotandikwa ndani ya meli, zikabeba mabehewa mazimamazima. Nukta zile zilikuwa reli kweli! Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mtandao ule nao ukagawanywa, na ndiyo sababu siwezi kuitazama ramani ya namna hii kama pambo la ukutani.

Kuitunza nako ni ufundi. Mchwa na unyevu wa ziwa tunavijua, ila mharibifu mkubwa ni mkunjo. Kwenye ramani ninayoithamini kuliko zote, mkunjo umepita juu ya jina la Mwanza, na herufi za katikati zimebaki nyuzinyuzi. Seloteipu ingeacha doa la njano lisilotoka. Dawa ni kuigeuza, kuilaza kifudifudi, kisha kubandika kwa nyuma utepe wa karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, na kuiacha chini ya kitu kizito mpaka ikauke.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam, na reli yake inajengwa pia kati ya Isaka na Mwanza, kilomita 341. Vipeperushi vyake vyenye ramani navikusanya tangu sasa. Nyuma ya kila kimoja naandika kwa penseli laini mwezi na mwaka nilipokipata, na ujenzi wa upande wetu ulikuwa umefika wapi.