Mlango wa Flashi

Mlango uliachwa wazi kwa kujua, na neno hilo silirudishi. Mnakumbuka Autorun ya Windows, ile iliyotoa dirisha la kuendesha programu flashi ilipochomekwa. Agosti 2009 Microsoft walitoa kiraka cha kuizima kwenye flashi, kisha wakakiacha kiwe cha hiari: anayekitaka akakitafute. Kilisukumwa kwenye mashine za XP na Vista Februari 2011. Miezi 18!

Mliochapisha barua za kazi kwenye saiba za Wote, Mwingi au Kitui mjini mnalijua dirisha lile. Unachomeka flashi, linachomoza na mstari wenye picha ya folda ya manjano na maneno ya kukualika uifungue. Ila mstari huo ulikaa juu, upande wa kuendesha programu. Mnyoo wa Conficker, toleo la B, la Desemba 2008, ndilo lililouandika: liliijaza autorun.inf takataka ili isisomeke, na mnyoo wenyewe ukalala ndani ya folda ya RECYCLER. Mstari halali ulikuwa chini yake. Nani angeufikia, na foleni imefika barabarani? Ulibofya wa juu, ukauamsha, na kila flashi iliyochomekwa baada yako ikaondoka nao.

Kwetu flashi ndiyo iliyokuwa mtandao. Bando lilikuwa ghali, barua ikaandikwa Mutomo na kuchapishwa Kitui. Kiraka cha hiari Ukambani ni kiraka ambacho hakipo.

Na Conficker msiuite virusi, nimelisema hili miaka yote. Virusi hung'ang'ania faili la mwenzake, mnyoo hujitegemea.

Nakubali, kiraka cha MS08-067, Oktoba 2008, kilichoziba tundu la mtandaoni ambalo Conficker ililitumia pia, kilikuwa kazi safi.

Lakini hatari ya flashi ilijulikana. Mwaka huo wa 2008 Agent.btz, mnyoo mwingine, ilipita mlango huohuo hadi kwenye kompyuta za jeshi la Marekani, ikawa inaacha kwenye flashi faili lililofichwa, thumb.dd, lenye taarifa za mashine ilikotoka. Novemba Pentagon ikapiga flashi marufuku. Linganisheni na zamani: mnyoo wa Morris ulipozuka tarehe 2 Novemba 1988, Keith Bostic wa Berkeley alikuwa ameshatuma viraka vya kwanza kesho yake. Hao ndio waliokuwa mafundi.

Mimi kiraka cha 2009 nilikipakua Emali, nikakibeba hadi Wote kwa flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa, nikapita saiba moja baada ya nyingine.